Wafu Mia Mbili na Kumi na Nne

Saa nne asubuhi wafu walikuwa bado wamefunga lango la kiwanda cha chai cha Kapsarwet, na walikuwa na hasira kuliko mtu yeyote aliye hai ambaye Inspekta Magdaline Muthoni aliwahi kukutana naye Bomet nzima. Mmoja alikuwa amekalia gunia la chai mbichi ambayo tayari ilikuwa imeanza kunyauka. Mwingine, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa amejivika kitambulisho chake shingoni kwa kamba ya kiatu ili kila mpita njia asome kwamba yeye yupo, anapumua, na alizaliwa Konoin.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Siku iliyotangulia, Jumatano, wakulima hao walipeleka chai kwenye vituo vya kuuzia kama kawaida. Karani akibonyeza namba ya mkulima, mashine ya mzani inamjibu neno moja tu: MAREHEMU. Chai ya maiti haipimwi. Jioni walikuwa wamehesabiwa wafu mia mbili na kumi na nne, na uchaguzi wa mkurugenzi wa eneo ulikuwa Jumamosi. Maiti hapigi kura.

Konstebo Mochama alisimamisha gari, na watu wakaanza kulipiga makofi ubavuni.

"Wameleta huyo mama wa Central afunike kesi!" mmoja akapaza sauti.

Magdaline alishuka. Jina lake lilikuwa la Kikuyu, lakini baba yake aliuza mabati Kericho mjini miaka thelathini na mbili, naye alizaliwa huko, akasoma huko, akazika wazazi wake huko. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu darasa la pili na bado yalimuuma, lakini hakuja hapo kusimulia ukoo wake.

"Nani anaitwa Aron Langat?"

Mwanamume mrefu mwenye gambuti zenye matope akajitokeza. Hakumpa mkono.

"Ni mimi. Na kabla uulize, huyo karani Caren mtoe hapa leo. La sivyo tutamshika wenyewe."

"Mtamshika mkishajua ni yeye?"

"Jina lake ndilo liko kwa kompyuta. Meneja ametuambia."

"Wewe ndiye uliandika ile barua ya kumkataa mkurugenzi?"

Aron alimpima kwa macho, kisha akatoa karatasi zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa nakala ya barua, na nyuma yake orodha ya watu sitini na mmoja. Kila jina lilikuwa na namba ya simu na sahihi. Namba ya mkulima hakuna hata moja.

"Watu waliogopa kuandika namba ya mkulima," Aron akasema. "Wakadhani kiwanda kitakataa chai yao. Tukasema basi andikeni simu peke yake. Na bado mmetuua."

"Barua ulimpa nani?"

"Bethwel, naibu wa meneja. Jumatatu. Angalia hiyo muhuri."

Aliitazama. Muhuri ulikuwa wa Jumatatu, na chini yake sahihi yenye mkia mrefu. Magdaline akazitia karatasi kwenye faili, akapita katikati ya wafu huku wakimsukuma kwa mabega.

Ofisini kulinuka chai. Mitambo ilikuwa ikinguruma chini, chupa mbili za chai zilikuwa mezani, na katika nchi ile ambako hata mdai hukaribishwa kikombe, hakuna aliyemwambia Magdaline keti. Meneja, Weldon Kipkemboi, alikuwa amesimama dirishani na mikono mfukoni.

"Inspekta, saa nane gari linaenda Sotik kortini," alisema bila salamu. "Nimeandika malalamiko, nimeweka sahihi. Mnangoja nini? Mnataka wavunje kiwanda?"

"Nangoja kujua nani alifanya."

"Si huyo hapo!"

Huyo hapo alikuwa Caren Chepchirchir, karani wa rekodi, miaka ishirini na sita, amekaa kwenye kona na pingu juu ya sketi. Usiku alikuwa amelala kwenye seli ya polisi Longisa, asubuhi askari wakamrudisha kiwandani kuhojiwa, na nywele zake zilikuwa na vumbi la blanketi. Macho yalikuwa yamevimba. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa kwa dada yake, na mbele ya sweta yake kulikuwa na alama mbili za maziwa ambazo alikuwa akijaribu kuzifunika kwa mikono iliyofungwa. Magdaline aliziona na akamkasirikia kila mtu mle ndani.

"Mochama, mfungulie mkono mmoja."

"Atatoroka!" Weldon akafoka.

"Atatorokea wapi? Kwa wale walioko nje?"

Kwenye meza ya pili alikuwa amekaa Bethwel Kipngetich mwenyewe, naibu wa meneja, shati jeupe, viatu vinavyong'aa. Miaka kumi na miwili alifanya kazi katika kampuni ya bima Nairobi kabla ya kurudi nyumbani. Yeye ndiye aliyempa Magdaline karatasi iliyochapishwa jana, na aliitoa kwa upole kuliko wenzake wote. Karatasi ilikuwa na amri moja, ya kumfanya marehemu kila mkulima ambaye namba yake ya simu iko kwenye orodha fulani, iliyotoka kwenye akaunti ya Caren, Jumanne, saa saba na dakika thelathini na moja mchana:

UPDATE wakulima JOIN orodha ON wakulima.simu = orodha.simu SET wakulima.hali = 'MAREHEMU';

"Inspekta, mimi naumia kama wewe," Bethwel alisema sasa. "Mama yangu mzazi yuko kwa hao wafu. Amelala bila kuuza chai. Huyu msichana hakuchagua."

"Unasikia?" Weldon akadakia. "Hata mama ya Bethwel! Sasa utatuambia ni nani anaweza kuua mama yake?"

Magdaline alikubali kwa kichwa. Jana usiku neno hilo lilimfanya alifute jina la Bethwel kwenye daftari. Leo asubuhi alikuwa ameliandika tena. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akaketi mbele ya Caren.

"Jumanne saa saba ulikuwa wapi?"

"Nilienda kunyonyesha. Dada yangu huleta mtoto pale nyuma ya duka la mbolea."

"Nani alikuona?"

"Dada yangu."

"Dada si shahidi," Weldon akasema.

"Bwana Kipkemboi, nikitaka wakili nitakuita. Caren, password yako nani anaijua?"

Caren akainama. "Iko kwa karatasi chini ya kibodi. Hii mashine tunatumia wanne na akaunti ya kubadilisha rekodi ni yangu peke yangu. Nikiwa nje wananisumbua kwa simu. Nikaiandika."

"Ujinga mtupu," Weldon akasema.

"Ndio, ni ujinga," Caren akamjibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Lakini wewe ndiye uliniambia niiandike."

Meneja akageukia dirisha. Magdaline akaweka karatasi tupu na kalamu mbele ya msichana.

"Niandikie amri. Una jedwali la wakulima, una jedwali la watu waliohamia kituo kingine. Badilisha kituo."

Caren hakufikiria hata kidogo. Akaandika kwa mkono wake mmoja uliofunguliwa: UPDATE wakulima, JOIN, ON, kisha SET. Aliunganisha kwa namba ya mkulima.

"Kwa nini hukutumia simu?"

"Simu?" Caren alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hanywi maji kwa uma. "Inspekta, huwezi. Simu si ya mtu mmoja huku. Mimi ndiye niliandikisha hawa wazee, kilima kwa kilima, mezani kanisani. Mzee hana simu, anaandikisha ya jirani anayeshika akipigiwa. Kilo zake zikija kwa message, jirani anamsomea jioni. Kuna simu moja iko na wakulima kumi na tisa."

"Namba ya nani hiyo?"

"Ya Aron Langat."

Kwenye meza ya pili kalamu ya Bethwel ilikuwa ikigonga mbao, tk, tk, tk. Ikanyamaza. Magdaline alisikia ukimya huo lakini hakugeuka. Alifunga faili, akasimama, akajinyoosha mgongo kama mtu aliyechoka na kazi ya watu.

"Basi," alisema. "Nimemaliza. Mochama, tayarisha gari, tumpeleke Sotik."

 Machozi yakamtoka Caren. Weldon akapumua kwa nguvu, akajimiminia chai, na hata sasa hakumpa mgeni wake.

"Ila kuna shida moja," Magdaline akaendelea. "Wale walioko langoni hawataondoka mpaka wafufuliwe. Mtuhumiwa siwezi kumruhusu aguse mashine. Nakala ya rekodi mliyompa Mochama jana ni ya Jumapili? Ile ya kabla ya haya?"

"Ndiyo hiyo," Weldon akasema.

"Basi mtu achukue hali ya kila mkulima kwenye nakala ya Jumapili airudishe kwa jedwali la leo. Nina nakala zote mbili kwa laptop yangu. Tujaribu hapa kwanza, ikikubali ndiyo muipeleke kwa seva. Nani anaweza?"

"Bethwel," meneja akasema palepale. "Si ulikuwa unafanya hii kitu huko kwa bima?"

"Ni zamani, bosi."

"Zamani ni lini? Watu wanataka kuchoma kiwanda! Keti hapo ufanye!"

Makelele ya langoni yakapanda, jiwe likagonga bati la stoo. Bethwel akaketi. Magdaline akasimama nyuma yake, karibu sana, hata akasikia harufu ya sabuni ya kunyoa.

"Tumia namba ya mkulima," Caren akasema kutoka kwenye kona, akilia. "Usitumie simu."

"Najua!" Bethwel akamkaripia.

Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Aliandika kwa haraka ya mtu aliyeandika kitu hicho mara elfu:

UPDATE wakulima SET hali = j.hali FROM wakulima JOIN jumapili j ON wakulima.namba = j.namba;

Akabonyeza. Mashine ikamrudishia kosa: sintaksia mbaya, karibu na FROM. Bethwel akasonya. Hakutafuta kitabu, hakuuliza mtu. Aliifuta FROM, akaipeleka JOIN mbele, akaipeleka SET mwisho, akabonyeza tena. Mistari mia mbili na kumi na nne ikabadilika.

"Tayari," akasema. "Wamefufuka."

"Asante," Magdaline akasema. "Hiyo ya kwanza ilikataa kwa nini?"

"Kosa la kuandika tu."

"La. Huko kwenye bima mlitumia mfumo mwingine. Kule SET inatangulia, FROM inafuata, na inakubali. Huu wenu, MySQL, hautaki. Huu unataka uunge majedwali kwanza, SET baadaye, na FROM isionekane kabisa. Mkono wako una mazoea ya kule."

"Sasa hilo ni kosa la jinai?"

Magdaline akatoa karatasi nyingine kwenye faili, akaiweka juu ya kibodi.

"Jana ulinipa amri moja. Ile iliyofaulu. Uliitoa kwenye rekodi ya mabadiliko, na pale hayaingii makosa, kwa sababu kosa halibadilishi kitu. Lakini hii seva ina rekodi ya pili, inaandika kila kitu inachotumiwa, hata upuuzi. Mochama aliinakili jana jioni. Soma."

Bethwel hakusoma. Akasoma Weldon, kikombe mkononi, midomo ikimchezacheza. Jumanne, akaunti ya Caren. Saa saba na dakika kumi na tisa: UPDATE, SET, FROM, JOIN. Imekataa. Dakika ya ishirini na mbili: ileile, jina la jedwali limefupishwa. Imekataa. Dakika ya ishirini na sita: FROM imeondolewa lakini SET bado iko mbele ya JOIN. Imekataa. Dakika ya thelathini na moja imekubali.

"Caren ana miaka miwili kwa hii mashine," Magdaline akasema. "Nimepitia amri zake zote. Hajawahi kuandika FROM ndani ya UPDATE hata siku moja, na hajawahi kuunganisha wakulima kwa simu. Wewe Jumanne ulikosea mara tatu. Leo umekosea mara moja. Umejifunza."

Weldon aliweka kikombe chini, chai ikamwagika mezani.

"Bethwel, sema kitu, bana."

"Huu ni upuuzi!" Bethwel alisimama, kiti kikaanguka. "Watu wangapi Kenya hii wanaandika hivyo? Na hiyo orodha ya simu mimi ningeitoa wapi?"

"Kwa Aron. Jumatatu. Muhuri wako na sahihi yako ziko hapa. Barua ya kumkataa mkurugenzi, ambaye ni mjomba wako. Watu sitini na mmoja, simu peke yake. Hukuwa na namba zao za mkulima, ukaunganisha kwa kile ulichokuwa nacho. Ulitaka sitini na mmoja wasionekane Jumamosi. Sitini na mmoja wangeweza kupita kama kosa la karani. Ukapata mia mbili na kumi na nne, kwa sababu ulidhani huku simu moja ni mtu mmoja kama Nairobi."

"Na mama yangu?" Bethwel akapiga meza kwa ngumi. Sasa upole wote ulikuwa umemtoka. "Mama yangu mwenyewe yuko ndani! Jibu hilo, Inspekta! Mimi nimuue mama yangu?"

Hata Mochama akamtazama Inspekta. Ndilo neno lililokuwa limemkinga Bethwel tangu jana, na alilishika kwa mikono miwili.

"Mochama," Magdaline akasema, "mlete mama yake, Kogo Rodah."

Walisubiri dakika nne nzima. Mlango ukafunguka, akaingia kikongwe mfupi, kitambaa cha kanisa kichwani, kikapu cha chai bado mgongoni, majani yakiwa meusi kingoni. Alisalimia chumba kizima.

"Chamgei." Akamwona mwanawe. "Weri, mwanangu, uko hapa? Nimekaa hapo nje tangu asubuhi."

 Magdaline alimsogezea kikongwe kiti, akamsaidia kuteremsha kikapu.

"Kogo, nyanya yetu, samahani kwa kukusumbua. Siku ile mliandikishwa kanisani, uliandika namba ya simu ya nani?"

"Mimi sina simu, mwanangu."

"Najua. Ulimpa Caren namba ya nani?"

"Ya Aron. Huyu jirani."

"Aron aliyeweka sahihi kwenye barua, namba yake ikiwa ya kwanza kwenye orodha," Magdaline akamwambia meneja, kisha akamrudia kikongwe. "Una mtoto ana kazi kubwa hapa kiwandani. Kwa nini hukuandika yake?"

Kogo Rodah alimtazama mwanawe, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, myeusi kwa utomvu wa chai. Hakuwa na hasira. Alisema tu jambo analolijua.

"Yake haishikwi. Nilijaribu kwa simu ya Aron Krismasi, nikajaribu wakati ng'ombe alikufa, nikajaribu nikilazwa Longisa. Aron ndiye alikuja."

 Bethwel akatafuta kiti kwa mkono na kiti kilikuwa sakafuni pale alipokiangusha.

"Mama," akasema. "Mimi sikujua uko kwa hiyo namba."

 Weldon alifumba macho. Caren, kwenye kona, aliacha kulia. Bethwel alikuja kusikia alichokisema baada ya kila mtu kukisikia.

"Andika hayo, Mochama, na saa," Magdaline akasema. "Bwana Kipngetich, una haki ya kunyamaza, na nakushauri uanze sasa."

Alichukua ufunguo, akafungua pingu iliyobaki kwenye mkono wa Caren, akampa Mochama. Zilipokuwa zikifungwa mikononi mwa naibu wa meneja, kikongwe alisimama, akaketi tena. Machozi yalimtiririka polepole hadi kwenye kidevu, naye hakuyafuta.

"Amefanya nini?" akauliza. 

Meneja akakohoa. "Caren, eh... hao watu wa nje. Unaweza kuwarudisha kwa seva? Sasa hivi?"

Caren alimtazama huku akisugua kifundo cha mkono palipobaki alama nyekundu ya chuma. Angeweza kumtukana na mle ndani hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alitoa karatasi ya password chini ya kibodi, akaichana vipande vidogo, akavitia ndani ya kikombe cha chai cha meneja. Kisha akaketi, akaandika amri, akaisoma mara mbili, akabonyeza. Nje karani wa mzani alipiga kelele, na kelele hiyo ikapokewa lango zima.

"Kogo, umerudi," Caren akasema. "Chai yako itapimwa. Nikiwa bado hapa, nibadilishe ile namba ya simu? Niandike ya nani?"

Kogo Rodah alimtazama mwanawe akitolewa mlangoni, shati jeupe, mikono nyuma. Mfukoni mwake simu ilikuwa inalia, na alikuwa hawezi kuishika. Kikongwe aliisikiliza mpaka ilipokatika.

"Wacha hiyo ya Aron," akasema.